Komeo Lililokwama

Bunduki inanuka. Watu huniambia si bunduki inayonuka, ni mafuta yake, na mimi huwajibu kwamba nguruwe naye hanuki, yananuka matope yake. Harufu hiyo niliishi nayo tangu usichana wangu kule Mafubira, kando ya Jinja, ikanifuata hadi Mbale nilikodhani nimeikimbia, na hata leo nikipishana na askari wa benki mwenye bunduki begani huziba pua. Anadhani namdharau. Simdharau yeye.

Miaka ile baada ya vita nilikuwa na kibaraza changu Mbale, upande wa viwandani, mbele ya duka la magunia. Nilitengeneza vyerehani. Mwanamke kutengeneza vyerehani lilikuwa jambo la watu kusimama na kutazama, lakini mafundi nguo wakishaona mashine iliyokuwa ikikata uzi sasa inashona kama mpya, hawaulizi tena fundi amevaa suruali au gauni. Niliwaambia wote kuwa mimi ni Mkenya, mtu wa Busia ya ng'ambo. Kiswahili changu kilinisaidia, maana Mbale mtu akizungumza Kiswahili kilichonyooka ni mawili: ama ni Mkenya, ama ni wa jeshi. Nikawahi kuchagua kabla hawajanichagulia.

Kwa sababu mimi ni wa jeshi. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani na Waingereza, na baba yangu alikuwa fundi wa silaha katika kambi moja huko Jinja katika miaka ile ya utawala wa askari. Serikali ile ilipoanguka, jirani tuliyepelekeana naye futari miaka yote ndiye aliyewaonyesha watu mlango wetu. Nyumba iliteketea. Tulitembea kwenda mpakani na baba akafia njiani, kwa homa, chini ya turubai la watu wengine. Niliporudi Uganda baada ya miaka kadhaa sikukanyaga Jinja. Nilijua wanachosema kuhusu watoto wetu: mtoto wa nyoka ni nyoka. Mbale walikuwa wamezika watu wengi pia, na mtu mmoja tu angejua mimi ni binti wa nani, ningeikuta mashine yangu mtaroni na mimi kando yake. Hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Sasa siku moja, jua limewaka, anakuja mwanamume mmoja na kitu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Mtu wa Busiu, nje kidogo ya Mbale, mkulima wa mahindi na ndizi, wa makamo, mnene wa shingo, mwenye maneno mengi. Kijijini kwao alikuwa mkubwa wa walinzi. Wezi wa ng'ombe walikuwa wakishuka toka kaskazini, na serikali, badala ya kuleta askari, ilikuwa imewagawia wanakijiji bunduki kuukuu, zile ndefu za enzi za Waingereza, unazovuta komeo kwa mkono kila unapotaka kupiga risasi moja.

"Mulembe, mama fundi," akasema. "Mimi nasikia wewe natengeneza chuma ya namna yote."

"Vyerehani," nikamjibu.

"Hii pia ni chuma." Akafungua gunia.

Lo. Nimeona vitu vichafu maishani, nimefua nepi za wagonjwa, nimezibua mitaro, lakini kile kitu kilinipandisha nyongo hadi kooni. Komeo lilikuwa limepakwa mafuta mazito ya kijivu, yameganda, yamechanganyika na pumba za mahindi, na ndani yake kulikuwa na manyoya. Nikamuuliza haya ni mafuta gani. Akasema, kwa fahari kabisa, kwamba walinzi wake wanaitunza sana bunduki, kila Jumamosi wakichinja nguruwe wanaipaka mafuta yake. Na ikikataa kufunguka wanaigonga kwa jiwe.

Mimi Mwislamu. Lakini hata ningekuwa mpagani ningetapika.

Nilimwambia siwezi. Akaanza kusimulia, na sauti yake si ya kunong'ona: jinsi wezi walivyokuja, jinsi kijana mwenye zamu alivyovuta komeo likakataa, jinsi ng'ombe walivyokwenda. Watu wa duka la magunia wakasogea. Mwenye duka akasema, "Mkenya, jaribu tu, mashine ni mashine." Nikaona hatari iko pande zote mbili. Nikikataa sana wataniuliza naogopa nini. Nikikubali upesi wataniuliza nimejulia wapi. Nikasema nitalitazama, sina ahadi, arudi baada ya siku nne. Akaenda zake akiimba.

Nilijifungia chumbani kwangu nyuma ya kibaraza. Nikachanganya udongo na maji kwenye beseni, maana sisi ukigusa nguruwe unaosha mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi. Lakini bunduki huwezi kuifanya ukiwa umevaa mifuko. Kazi hii ni ya ncha za vidole, nami najua, kwa sababu baba yangu alinitumia mimi kama vidole vyake.

Hapo nieleze. Mikono ya baba ilikuwa imekuwa migumu kama kisigino kwa miaka ya tupa na mafuta ya taa. Chuma alikijua kwa macho na kwa sikio, lakini kwa mguso hakusikia kitu. Basi komeo likiwa na ukorofi, baba huleta lile komeo peke yake nyumbani, bila bunduki, ndani ya kopo la maziwa ya unga, ananiita jikoni. "Njoo uniambie linauma wapi." Napitisha kidole, namwambia hapa pana kikwaruzo, hapa pana kinundu. Mwanzoni yeye ndiye aliyelainisha. Halafu nikawa nalainisha mimi, na yeye anakunywa chai. Alinifundisha neno moja ambalo sijalisahau: "Lainisha njia, usiguse mlango." Yaani pale chuma kinapoteleza, sugua, pale kinapofunga na kushika risasi, weka mkono wako mbali, la sivyo siku moja itamlipukia mtu usoni.

Nilichukia kila dakika yake. Mafuta yale yaliingia kwenye kucha, yakaingia kwenye gurasa, chapati zetu, nilizopika, mpaka mama akawa anaukanda unga yeye mwenyewe. Shuleni, kabla Wahindi hawajafukuzwa, msichana mmoja wao, mpole, ambaye baba yake aliuza vitambaa, alihama dawati. Nilimwelewa. Ningeweza ningehama na mimi, nikajiacha pale mwenyewe.

Na bado nilikuwa hodari. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mafuta. Nilikuwa hodari kuliko baba, na nilijua, na nilipenda kusifiwa.

Basi kule Mbale nilitoa ile mifuko ya plastiki. Nikalichomoa komeo, nikalilaza kwenye mafuta ya taa siku nzima. Uchafu ulitoka kama uji uliochacha. Nilikuta mguu wa mende, nilikuta punje ya mahindi iliyosagika, nilikuta kutu imekula mstari mzima wa njia ya kushoto. Na pale walipogonga kwa jiwe, pembe moja ya chuma ilikuwa imejikunja kidogo, inang'ata kila likipita. Nikatema mate nje ya dirisha nikaanza.

Kipande cha msasa laini kabisa, nimekifunga kwenye kijiti cha mwanzi. Pale penye kinundu, tupa ndogo ya vyerehani, misuguo miwili, nasikiliza, mmoja zaidi. Halafu dawa ya kusagia vali, ile ya mafundi wa magari, kidogo sana, nikaipaka kwenye njia tu, nikalirudisha komeo ndani na kuanza kulipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayesukuma unga kwenye jiwe. Mikono iliuma. Mchana sikula. Siku ya pili sauti ikaanza kubadilika: kile kikwaruzo cha meno ya paka kikawa mnong'ono. Nikaosha dawa yote, maana ikibaki inaendelea kula chuma hata ukiwa umelala; nikaosha tena, nikafuta, nikapaka tone la mafuta ya cherehani, jembamba, usiloweza hata kuliona. Nikainua mdomo wa bunduki juu. Komeo likashuka lenyewe kwa uzito wake, taratibu, bila mkono.

Nikatabasamu. Astaghafirullah, nilitabasamu peke yangu chumbani na harufu ya nguruwe kwenye nywele.

Hapo ningekuwa na akili ningeiharibu kidogo. Ningeacha pembe moja ikwaruze, fundi wa vyerehani kajitahidi, asante, nenda salama. Nililiwaza hilo. Nilishika hata ule msasa mkubwa. Lakini mkono ulikataa. Sisi tuliolelewa kwenye kazi ile tuna ugonjwa huo, hatuwezi kutoa kitu kibaya mlangoni hata kama kitu kizuri kitatuua.

Alirudi siku ya nne, mapema, kabla watu wa duka hawajafungua. Nilimkaribisha ndani, nikaenda kuitoa bunduki pembeni. Na sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilimkabidhi kama baba alivyokuwa akikabidhi. Sikukusudia. Niliilaza kwenye viganja viwili, komeo limefunguliwa, kidole changu kidogo kimeingia kwenye chemba kuonyesha kwamba hamna risasi na hamna vumbi, kidevu juu, nangoja. Baba alikuwa na sababu yake ya kile kidole: aliyepokea aliona kwa macho, na kidole cha aliyekabidhi kilikuwa shahidi, wasije wakabishana baadaye. Hakuna fundi mwingine kambini aliyefanya hivyo. Nilishamwona baba akikabidhi hivyo mara nyingi mno, nikitumwa kumpelekea chakula.

Mtu wa Busiu hakuipokea. Alikuwa anakitazama kile kidole.

Kisha akakaa kwenye kigoda changu cha kazi, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe si Mkenya."

Niliuona mlango, nikapima kama naweza kumpita.

"Mimi nafungwa kule Jinja," akasema. "Kambini. Miezi saba. Mimi na ndugu yangu."

Nitaisema habari yake kwa maneno yangu, maana yeye aliisema kwa vipandevipande. Walikamatwa na kahawa wakiivusha kwenda Kenya kwa magendo, kama nusu ya watu wa mlimani kule mpakani wakati ule. Yeye walimpa ufagio afagie karakana ya silaha. Ndugu yake, aliyekuwa mdogo wake wa kuzaliwa, aligombana na afande mmoja mlevi, na yule afande akaapa kumpiga risasi. Akasema mwizi wa kahawa hastahili risasi ya bunduki mpya, akachukua moja ya zile kuukuu ukutani. Akavuta komeo. Likakwama. Wengine walicheka, na kile kicheko ndicho kilichomtia afande wazimu, akaapa atamuua kwa hiyo hiyo na si nyingine. Wakamwita fundi wa silaha. Fundi akaja, akalivuta, akalitazama kwenye mwanga, akasema komeo hili ni bovu sana, linataka siku tatu.

"Siku tatu," akarudia yule mkulima, akanionyesha vidole. "Mimi nasikia kwa maskio yangu. Na baba yetu alikuwa amekwenda Kampala kwa mkubwa mmoja kuomba barua ya kutuachilia. Mimi nasema, Mungu mkubwa, siku tatu zinatosha."

Barua ilifika siku ya tatu. Ilimtoa yeye. Ndugu yake alikuwa amepigwa risasi siku ya pili asubuhi. Fundi alirudi na komeo katika kopo, akalitia kwenye bunduki, akaikabidhi kwa afande juu ya viganja viwili, kidole kidogo ndani ya chemba.

Nilikuwa bado nimesimama na ile bunduki mikononi. Nikaiweka mezani.

Nilikuwa nakumbuka. Kati ya makomeo yote aliyowahi kuleta baba, ni moja tu aliloniambia nisiliharakishe. Aliingia jikoni, akaliweka kopo, hakuagiza chai. "Hili lifanye polepole, mwanangu," alisema. "Siku tatu. Usilimalize kabla." Sikuuliza kwa nini, na yeye hakusema, kwa sababu mambo ya kambi hayakusemwa ndani ya nyumba yetu. Lakini jioni ile ilianza harusi ya siku tatu mtaani kwetu, na ngoma ya doluka, na mimi nilikuwa na nguo mpya, na nilijua nikilifanya lile komeo polepole nitanuka siku zote tatu na kwenye harusi wasichana watanikwepa. Kwa hiyo nikalifanya mara moja. Halikuwa bovu hata kidogo, lilikuwa na kutu tu. Nililimaliza kabla ya magharibi, nikaoga kwa sabuni mara mbili, nikaenda kucheza. Asubuhi gari la kambi likaja kuuliza hali ya kazi. Baba alikuwa bado kwenye mswala. Mimi nikamtolea yule askari lile komeo, limefungwa kitambaa safi ndani ya kopo lake, nikamwambia, "Tayari, afande." Nilitaka ajue ni kazi yangu.

Baba alitoka akalikuta mkononi mwa mtu. Hakunigombeza. Alivaa viatu akaondoka na lile gari la kambi. Toka siku ile hakuleta tena komeo nyumbani, na mimi miaka yote nilidhani ni kwa sababu nimekuwa mwanamwali.

"Ni baba yako?" akauliza mtu wa Busiu.

"Ni baba yangu."

Aliitikia kwa kichwa. Akafuta shingo yake kwa kitambaa. Halafu akasema hatamwambia mtu. Akasema mtoto hana kosa, na hata fundi mwenyewe alikuwa mtu wa kutumwa, na yeye amechoka kuchukia. Nilikuwa nimepona. Kibaraza changu, chumba changu, jina langu la uongo, vyote vilikuwa vimebaki vyangu.

Akasimama, akaichukua bunduki, akafungua komeo na kulifunga, mara mbili. Akasema, "Kitu moja tu mimi najiuliza mpaka leo. Yule mzee aliomba siku tatu. Mimi naona uso yake, alikuwa nataka kutusaidia. Sasa kwa nini yeye narudi asubuhi yake?"

Alinitazama. Hakuwa ananitega. Alitaka kujua, kama mtu anavyotaka kujua ndugu yake alizikwa wapi, na mimi ndiye mtu pekee duniani niliyebaki wa kumwambia.

"Labda walimtisha," nikasema.

Akafikiri. "Labda," akasema. "Ee. Walimtisha." Uso wake ukatulia, akanishukuru, akafunga gunia.

Wiki iliyofuata aliniletea bunduki nyingine nne, na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake, mkubwa, wa kunishukuru. Bunduki nilizilainisha zote. Ndizi nilizimenya, nikazipika, nikala mpaka zikaisha.